Kaka Eli, Jina Lako Sikulitoa

Kaka Eli,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, nje ya bunge la jimbo, mwanangu Imani kasinzia kiti cha nyuma na koti lake. Nikishafika nyumbani Hopkins nitaanza kuosha vyombo, halafu nitanyamaza tena, kama nilivyonyamaza toka tukuzike.

Leo ule muswada wa kuwalazimisha wenye nyumba za kupanga watupe joto wakati wa baridi umefika kwenye kamati. Ule ule uliokuwa unaandika habari zake gazetini mpaka ugonjwa ukakulaza. Unakumbuka nilivyokukasirikia? Hita ya jengo letu imekufa, mtoto anakohoa, nawasha oveni na kuiacha wazi tupate joto, na kaka yangu ndiye anayeandika habari za bunge. Nikakuambia, "Kaka, si utuandike na sisi?" Ukatuletea blanketi, ukakaa pale jikoni, ukasema, "Mdogo wangu hawezi kuwa habari yangu. Nikikuandika wewe, hata ya kweli watasema ni ya ukoo." Nikakujibu kwamba ukoo wako unaganda. Hukucheka.

Ndivyo ulivyokuwa. Chupa ya chai kutoka nyumbani kila siku, usije ukanywa kahawa ya mbunge. Shangazi alikuwa anakutania, "Msomi mzima unabeba chupa kama unakwenda shamba."

Sasa sikia. Mwenyekiti wa kamati alikuja msibani. Shangazi akampa sahani ya pilau, akamwita "mwanangu", maana kwetu anayekuja kulia na wewe si mgeni tena. Juzi akanipigia. Akataka nije niongee, ila nianze kwa kusema mimi ni dada yako. Kuna wajumbe wawili hawajaamua, na walikupenda. Wakisikia jina lako, alisema, watanyoosha mkono kuunga.

Kaka, nilihangaika. Shangazi akasema, "Jina la marehemu ni urithi. Litumie, mtoto apate joto." Na Shangazi si mjinga. Mkataba wangu wa nyumba unakaribia kwisha, na meneja wa jengo ameshaniambia wanaolalamika huwa wanaishia kutafuta nyumba kwingine.

Leo meneja huyo alikaa nyuma yangu kabisa. Kwenye meza ya waandishi, pale pako, amekaa msichana mgeni. Imani akamnyooshea kidole, akauliza kwa Kiingereza chake mbona si Mjomba. Nusura nitoke.

Mwenyekiti akanitazama, akatabasamu. "Labda ungeanza kwa kutuambia kuhusu familia yako."

Nikakivuta kipaza sauti. Nikasema, "Mimi ni mpangaji. Naishi na mtoto wangu. Nimekuja kuongea habari ya hita."

Tabasamu likamtoka. Nikaeleza yote, oveni, kikohozi, simu ambazo hakuna anayepokea. Mmoja wa wale wawili akauliza kama kweli niliacha oveni wazi na mtoto mdogo yumo ndani. Nikamwambia ndiyo, nilikaa mbele ya hiyo oveni mpaka asubuhi. "Wewe ungefanyaje?" Akaangalia karatasi zake.

Kura hawakupiga. Mwenyekiti alihesabu nyuso, akaona kura hazitoshi, akaahirisha mpaka wiki ijayo. Alipopita karibu yangu hakunisalimia. Sijui, Kaka. Labda nimetupotezea kura, sisi na majirani wote.

Yule msichana wa gazeti akanifuata kwenye ukumbi wa nje. Akaniuliza jina, akaliandika, akasita. Akauliza kama nina undugu na mwandishi aliyekuwa akikaa pale kabla yake. Ningeweza kukataa. Nikamwambia, "Ni kaka yangu. Andika, wasomaji wajue. Lakini kule ndani jina lake sikulisema, na hilo nalo uliandike." Akataka kuninunulia kahawa. Nikamwonyesha chupa yako. Ninayo mimi siku hizi, kifuniko bado kinavuja.

Imani anaamka. Pumzika, Kaka yangu. Nilikukasirikia, na blanketi lako ndilo lililomfunika mtoto. Wiki ijayo wakirudi kupiga kura nitakuwa nimekaa mbele, na meneja akae nyuma yangu akitaka. Hata wakinitoa kwenye nyumba ile, nitakuja kutoka nitakakokuwa.

Kesho mdogo wako atakuwa habari. Si yako. Umeridhika?

Mdogo wako,
Neema