Saa Saba Nilizozifanya Siku Mbili

Mpendwa Shangazi Philomena, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana baada ya hapo sijui kama nitakuwa bado na mke.

Ninafanya kazi kwenye machimbo ya mafuta kaskazini mwa Alberta, wiki tatu kambini na wiki moja nyumbani Newfoundland, na tangu mwanzo nilimwambia mke wangu Loretta kwamba kurudi ni siku mbili, kwamba ndege za Toronto haziungani na lazima nilale kwenye viti vya uwanja, na akianza kupiga hesabu namchanganya na saa zetu zilizo mbele ya Alberta kwa saa tatu na nusu mpaka anachoka, lakini ukweli Shangazi ni kilomita elfu nne na kitu, saa saba angani basi, nikipanda ndege Edmonton asubuhi usiku nalala kwangu. Hiyo siku moja naiiba. Haki ya Mungu hakuna mwanamke. Nachukua chumba hotelini Toronto, nazima simu, nakunywa supu, nalala, kwa sababu nikitoka kwenye zile mashine masikio yanavuma, na nyumbani nikifungua mlango tu ni Loretta ananiita, Leander paa linavuja, Leander boti haiwaki, na mimi bado sijawa mtu.

Sasa mwezi Machi mama mkwe alizidiwa, akawa ananiulizia mimi, akakata roho Jumanne jioni nami nimelala Toronto, saa tatu tu kwa ndege, simu imezimwa. Nilifika Jumatano nikasema ndege hazikuungana. Loretta akanishika kola, akasema, "Shati lako halina hata kunyanzi, mume wangu."

Juzi kanipigia: "Ijumaa nakuja Edmonton kukulaki, turudi wote. Na mimi nikavilalie hivyo viti." Kisha akanitumia picha ya tiketi. Toronto tunakaa saa moja na dakika kumi. Je, nimwambie shirika la ndege limebadilisha ratiba?

Leander, kambini

Leander mwanangu,

Ratiba! Mama wa watu yuko kaburini, wewe unatafuta ratiba. Huna haya?

Kuchoka si dhambi. Marehemu mume wangu akitoka kazini alikuwa anakaa bandani saa nzima kabla ya kuingia ndani, nami nampelekea chai, naondoka. Lakini nilijua alipo.

Halafu unajiona mjanja! Tiketi kakata nani? Anayekata tiketi anaona saa ya kufika na saa ya kuondoka. Na aliyelala kwenye kiti hashuki na shati limenyooka. Loretta anajua, baba. Hiyo picha ni swali, na amekupa siku chache za kulijibu mwenyewe.

Mpigie leo, kabla hujaingia zamu. Usingoje mkae kwenye ndege, utamfungia kitini saa saba hana pa kulilia. Anza na Jumanne ile, si na uchovu wako. Akiuliza habari za mwanamke, mpe jina la hoteli awapigie mwenyewe. Akikutukana, nyamaza. Siku yako ya kupumzika utaiomba baadaye, nyumbani kwako, mlango umefungwa na simu imewashwa.

Mama yake alikusubiri nawe uko saa tatu tu kutoka kitandani pake. Binti usimsubirishe mpaka Ijumaa.