Sichuji Oili Tena

Igogo, Mwanza

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na kahawa ya huko Mbinga imeiva vizuri. Mama naye shikamoo yake. Mwambie kikohozi kile akipeleke hospitali, asikifanyie ubishi. Mimi ni mzima, nakula samaki mpaka nimewachoka.

Ujumbe wako ameniletea Festo wa shangazi alipokuja kushusha mzigo wa lori lake hapa Mwanza. Alisimama mlangoni akakuigiza mpaka sauti: "Mwambie Kolumba gari analiua kwa hayo mafuta yake ya madukani. Alirudishe, kaka yake Method aliendeshe." Baba, nimesikia. Jibu langu ni hapana. Sasa tulia nikueleze, maana Festo alikupelekea habari nusu.

Uliponikabidhi funguo za pikapu, ulinikabidhi na kipande cha kanga ya Mama cha kuchujia oili. Nilitii. Kila ilipofika zamu ya kumwaga oili, niliiacha itulie kwenye galoni, nikaichuja, nikaongeza mpya kidogo na kuirudisha kwenye injini, kama ulivyofanya miaka ile ambayo hata sabuni tuliipangia foleni. Wakati ule ulikuwa sahihi. Bila akili yako hiyo tusingesoma. Lakini siku hizi ni ruksa, Baba! Maduka ya Mkuyuni yamejaa oili mpaka mlangoni, na mimi bado nachuja uchafu kama nachuja togwa. Gari nalo lilikuwa limechoka. Nikipakia samaki wa wateja hapa mwaloni, wanaposhushiwa kutoka ziwani, kila kilima nilikipanda kwa maombi.

Basi nikanunua oili mpya wanayoiita sintetiki, ile inayoundwa kiwandani kwa ufundi, si ya kusafishwa tu kama tuliyoizoea. Fundi Odhiambo, anayenitengenezea gari, alikataa hata kuigusa.

"Dada, hii gari ni mzee," akasema. "Chakula ya gari mpya itaiharisha."

Nikamwaga oili ya zamani mwenyewe. Ilitoka nyeusi, nzito, inakatika mabonge. Mafundi wa pale walinicheka waziwazi, na mzee mmoja akakinga ndoo akapake nguzo za uzio wake zisiliwe na mchwa. Huko ndiko ilikostahili kwenda siku nyingi.

Wiki chache baadaye gari likaanza kuvuja. Hapo ndipo Festo alipolikuta safari yake iliyopita, na hapo ndipo Igogo nzima iliponigeukia. Si tulimwambia, si tulimwambia! Hata watu wasiojua boneti inafunguliwa wapi walikuwa na la kusema. Baadhi ya wateja wangu wakahamishia samaki wao kwenye gari jingine. Iliniuma, sikufichi. Nililia. Kisha nikanawa uso nikamwambia Odhiambo afungue, tuone kinachovuja ni nini hasa.

Tulikuta sili, ule mpira unaozuia oili isitoke nyuma ya injini, umekauka na kupasuka kama kandambili la miaka mingi. Lile tope la oili tuliyokuwa tukiirudisha ndilo lililoziba nyufa zake. Oili mpya iliosha tope, na ugonjwa wa zamani ukaonekana. Odhiambo aliigeuzageuza ile sili mkononi.

"Hii haikukufa jana," akasema. "Ilikufa zamani, uchafu ilikuwa inaificha."

Akaweka sili mpya na filta mpya. Safari hii sintetiki akaimimina yeye mwenyewe, huku amenuna.

Baba, sasa gari linapanda kilima na mzigo wake, na naweza kuongea na mtu pembeni yangu bila kupiga kelele. Wateja wamerudi. Nimewapokea, ingawa nimewanunia kwanza. Na huyo Method unayetaka apewe, kwani hakuendesha gari lako la kwanza bila maji kwenye rejeta mpaka injini ikakwama? Sikumbuki Festo akitumwa kumnyang'anya funguo. Kosa langu ni kuvujisha oili, au ni kuwa binti? Nakupenda, Baba, lakini hilo nitakuuliza mpaka unijibu.

Nisalimie shangazi, mama yake Festo, anayeniombea mchumba kila Jumapili; mwambie kwa sasa nina gari. Nisalimie mjomba katekista. Method naye msalimie sana, ni kaka yangu, ila atafute pikapu yake.

Nimempa Festo vitu viwili akuletee. Kimoja ni kiroba cheupe cha unga, kitupu. Nilikitandika chini ya injini usiku kucha kabla hajaondoka. Kigeuze pande zote, utafute tone la oili. Cha pili ni kile kipande cha kanga ya Mama. Nimekifua na kukifua, hakijatakata, lakini ni chenu, nakirudisha.

Gari sirudishi.

Binti yako,
Kolumba, dereva