Bibi Anakataa Maji

Mshauri wetu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari Tororo na sina mtu mwingine wa kumwambia jambo hili. Bibi yangu Ariokot, aliyenilea tangu mama afariki, alivunjika nyonga mwaka jana, na kwa kuwa mimi nalala shuleni na mjomba yuko kwenye mashimo ya dhahabu Tiira, alipelekwa katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na Busia, ambako vitanda vimepangwa safu moja na wazee wanaogeshwa hapo hapo, nyuma ya pazia lisilofika mwisho. Anayewaogesha siku hizi ni Osinya, mhudumu mpya, mtu mpole sana, na alikuwa amemwogesha bibi mara mbili kabla bibi hajamsikia akiongea na mkewe kwenye simu, akimwita kwa jina na kutaja kijiji cha kwao, ndipo bibi akatambua kwamba mke huyo ni binti wa dada yake, na kwetu sisi watu wa kabila la Iteso mtoto wa dada yako ni mtoto wako, kwa hiyo Osinya ni mkwe, na mkwe hatakiwi hata kuketi karibu na mama mkwe, sembuse kumvua nguo.

Tangu siku hiyo bibi anakataa maji. Osinya humtania mbele ya wote, "Mama, hata paka hujilamba, wewe je?" wazee wanacheka, na bibi anageukia ukutani. Sasa ni wiki ya tatu, ananuka, mgongo umeanza kuchubuka, na msimamizi ameandika kwenye faili kwamba akili zimeanza kumpotea. Bibi aliponiambia ukweli aliniapisha. "Usiseme, mama. Huyo akijua ameniona uchi mimi mkwewe, ataweka uso wapi? Acha ninuke." Nami nikamjibu kwamba hizo ni mila za zamani, avumilie tu, na tangu hapo hanisemeshi. Nikisema nimevunja kiapo, nikinyamaza ataoza. Nifanye nini?

Alupo

Bi Rukiyah anajibu:

Mwanangu, majina yote uliyoniandikia nimeyabadilisha, kwa sababu bibi yako hakuomba gazeti limtangaze.

Pole. Lakini wiki tatu, binti! Kidonda cha mgongo kwa mzee asiyeweza kujigeuza kinaua. Halafu ukamwambia avumilie! Hata kusingekuwa na ukwe wowote, mwanamke ana haki ya kusema hataki kuvuliwa nguo na mwanamume, bila kumpa mtu sababu. Mnadhani ili asaidiwe lazima siri itoke. Hailazimu.

Usingoje Jumamosi ya kutoka shuleni. Omba ruhusa kwa mwalimu leo. Anza kwa bibi: piga magoti, omba radhi, umweleze utakachosema kabla hujakisema. Kisha mwone msimamizi ofisini, si mbele ya vitanda. Sema, "Bibi anaomba kuogeshwa na mwanamke, pasipoonekana na watu." Akiuliza kwa nini, jibu, "Ndivyo anavyotaka." Rudia hata mara kumi. Akisema hana mhudumu wa kike, shika ndoo wewe, naye atafute mwanamke wa kukusaidia kumwinua. Muuguzi autazame mgongo siku hiyo hiyo, na maneno yale kwenye faili yafutwe. Osinya usimwambie kitu. Msimamizi amkataze tu utani wa kuoga, kwa wazee wote.

Sitakudanganya. Zile mara mbili hazifutiki, na huenda bibi asikusamehe haraka. Akikuruhusu kumwosha, mwoshe taratibu, na usiongee mpaka aanze yeye.