Furu Asiyekula

Jumatatu, 6 Septemba 1976

Mwanangu Kabula katumbukiza tonge la ugali kwenye tangi la samaki sasa hivi. Tonge zima, na mkono wake mpaka kiwiko! Nilikuwa nimegeuka kuchukua ufagio tu. Nilipomshika akacheka, akawanyooshea kidole wale furu, akasema "kula". Nimeshindwa kumchapa. Kaona wenzake hawajala, kawagawia.

Lakini ugali umepasuka, umeenea kote hadi kwenye majani. Nimeuopoa kwa chujio la chai kadiri nilivyoweza. Maji bado kama togwa.

Naogopa. Mama Vijaya ninayemfanyia kazi yuko Mwanza, binti yake kajifungua. Tangi ni la huyo Vijaya, aliliacha hapa alipoolewa. Siku ya safari mama aliniita mbele ya kioo. Akasema kazi nyingine nikikosea ataelewa, bado mgeni humu ndani. Ila samaki. "Nikikuta wazima, Philomena, utakaa na mimi. Wakifa nitatafuta mtu mwingine." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayetaja bei ya kitambaa dukani kwao. Na mtu mwingine akija, hiki chumba cha uani ni chake. Sisi twende wapi na mtoto?

Jumanne, 7 Septemba

Majani ya tangi yameota utelezi mweupe. Nimeyafuta moja moja kwa vidole, taratibu, yasing'oke. Yaliletwa toka ziwani pamoja na samaki. Mama Vijaya anasema hayo ndiyo mapafu ya tangi, yakiugua wote wanaugua. Alinifundisha na maji: punguza kidogo, ongeza kidogo, yawe yamelala kwenye ndoo. Siku zote kidogo.

Halafu kuna furu mmoja hali kitu. Yule jike wa rangi ya majivu. Madume ya buluu yanagombania chakula, yeye yuko nyuma ya jiwe, mdomo kaufumba, mashavu yamevimba kama Kabula alipougua matubwitubwi.

Mwamvua wa nyumba ya pili alikuja mlangoni na sinia lake la vitumbua. Akachungulia, akacheka mpaka akashika ukuta. Eti furu! Furu wa kununua fungu, wa kukaushwa juani, leo wamewekewa umeme na pampu ya kuwapulizia hewa! Akauliza kama nawatandikia na kitanda. Halafu akasema huyo mgonjwa nimtoe nimtupe kabla hajaambukiza wengine. Paka wake atanishukuru.

Nilimkinga na chujio nimwopoe. Kweli nilimkinga. Samaki akanitazama. Nikaliacha. Nimwulize kwanza Donatus, Baba Kabula.

Alhamisi, 9 Septemba

Jana Donatus alilala tu, zamu za kiwanda cha pamba zinamuua. Leo ndio kapata nafasi. Mtu wa Chato huyu, kakulia kwenye mitumbwi. Kachuchumaa mbele ya kioo na mtoto mgongoni, kaangalia, kacheka, mpaka nikakasirika.

"Huyu haumwi, Mama Kabula. Ana watoto mdomoni."

Nikajua ananitania kama kawaida yake. Akaapa. Furu ndivyo walivyo, kasema, jike anabeba mayai mdomoni, watoto wanakulia humo humo mpaka waweze kuogelea. Hali chochote. Bibi yake alikuwa akimbonyeza furu shavu hivi, watoto wanamwagika kiganjani kama ulezi. Kisha akaongeza – akishtuliwa anawatema kabla ya wakati. Au anawameza.

Nimekaa pale kazi zikanisubiri. Ana njaa, chakula kinampita mbele ya mdomo, na hafungui. Na mimi nilimkinga na chujio!

Kabula kachoka kumwambia kula. Kamlaza mdoli wake wa gunzi kando ya kioo, kaondoka.

Ijumaa, 10 Septemba

Karani wa dukani kasema simu imekuja. Mama Vijaya anarudi keshokutwa.

Kioo kina ukungu, maji yananuka ugali. Nikasema hapana, hatakuta hivi. Bomba halitoi kitu, nikaenda lamboni na ndoo mara nyingi, kichwa kinaniwaka. Maji ya lambo mwezi huu ni tope tupu. Nikayatia shabu kama tunavyotia ya kunywa, nikakoroga, tope likatuama. Nikaongeza kipande, na kingine, yang'ae zaidi. Nikanyonya mpira, nikatoa ya zamani karibu yote, nikamimina mapya.

Yanang'aa! Unaona mpaka ufa wa jiwe. Nimewapa maji kama ninayompa mwanangu. Leo nitalala.

Jumamosi, 11 Septemba

Mungu wangu. Wote wako juu, midomo nje, wanahema. Pampu inapuliza, na bado wanahema. Dume moja limelala ubavu.

Donatus katoka zamu, hata viatu hakuvua. Akasema kwao wakija juu hivi ujue maji ni mabaya. Mabaya vipi, nikamwambia, yamesafishwa! Nikachota kwa kiganja nikaonja. Ulimi ukanishika ukakasi, kama nimetafuna ndizi mbichi. Shabu. Kipande kimoja kwa pipa zima ndicho cha kunywa, mimi nilitia karibu konzi kwa tangi.

Ya zamani yapo. Nani anamwaga maji Shinyanga mwezi wa tisa? Niliyaweka kwenye pipa la uani, ya kudekia. Tumetoa yale, tumerudisha haya, ndoo kwa ndoo, Kabula analia kwa sababu hatumbebi. Mengine nilishadekia, yamefika nusu ya kioo tu. Machafu, na sasa nayapenda.

Jioni. Madume mawili yamekufa. Wengine wameshuka chini. Jike yuko nyuma ya jiwe, mdomo kaufumba. Lakini watoto bado wamo, au kawameza? Shavu naliona limepungua. Halafu naliona halijapungua. Nimetazama mno.

Jumapili, 12 Septemba

Donatus anasema tuwatupe wale wawili. Kuna jamaa yake anatoka ziwani leo na samaki, ataletewa madume ya buluu hai kwenye dumu. Eti furu wanafanana, mama hatajua. Nimekataa. Tumegombana kwa sauti ya chini. Kaniuliza kama nataka tulale stendi. Sitaki. Lakini nitakaa humu kila siku nikitazama samaki wa uongo? Wale waliokufa nimewaweka kwenye kopo chini ya tangi. Mama atawaona, na nitamweleza habari ya shabu mwenyewe.

Sasa hivi nilikuwa pale na Kabula. Jike katoka nyuma ya jiwe, kaja mpaka kwenye kioo. Kafungua mdomo kidogo, nikaona macho. Mengi, madogo kama punje za haradali, yakitazama nje. Akafumba. Nikamziba Kabula mdomo asipige kelele! Nimekimbia uani kuandika kabla sijasahau.

Gari. Mlango wa mbele. Kabula yuko bado sebuleni. Mama Vijaya ananiita – "Philomena! Njoo hapa, njoo upesi" – sauti yake siijui, si ya hasira, si ya furaha. Sijui kaanza kuona kopo, au kaona