Nani Aliyemfunga Sanaa Kizazi

Gurna Mpya, Luksor
Jumamosi, baada ya adhuhuri

Dada yangu mpenzi Bahija,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wanao wote, na kwamba kile kikohozi cha baridi ya Iskandaria kimekuachia. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Magoti ya Mama yanamsumbua, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mitende imezaa vizuri mwaka huu na joto limeanza kutupa nafasi ya kupumua. Hizo ndizo habari njema, na zimekwisha.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Dada, katika nyumba hii huwezi kusema neno kwenye simu bila Mama kukujibu kutoka chumba cha pili. Nami leo nikianza nataka nimalize.

Kwanza kazi. Tangu nipate huu ukaguzi wa mambo ya kale, zamu yangu ni kwenye kaburi la Tutankhamuni. Kutwa watu wanashuka zile ngazi, wanamtazama yule kijana ndani ya kioo chake, mweusi, mdogo, nyayo zake zikichungulia nje ya shuka, halafu wananigeukia mimi: nani alimuua? Kana kwamba nilikuwepo! Zamani tuliambiwa alipigwa kichwani. Wakaja wengine wakasema hapana, kichwa kilitobolewa na waliokausha maiti yake, kilichomuua ni mguu uliovunjika. Wengine malaria. Wengine aliangushwa na gari la farasi. Wamempiga picha mpaka ndani ya mifupa, na bado ni labda na huenda. Mlinzi wetu, mzee Shazli, sasa huwajibu wageni kwamba mfalme alikufa kwa kuulizwaulizwa.

Na ukuta wa kaskazini nao umenitoa roho. Waliokuja kwanza na mashine za kuona ndani ya mawe walisema nyuma yake kuna chumba, pengine malkia amelala humo. Dunia nzima ikapiga vigelegele. Waliofuata wakasema hakuna kitu, ni mwamba mtupu. Sasa wamekuja wengine, kaburi limefungwa kwa wageni mpaka wamalize, na mimi kazi yangu ni kukaa kwenye kiti nikiwatazama watu wazima wakisukuma kigari cha mashine mbele ya ukuta. Nikiuliza wameona nini, wanasema ni mapema mno. Jamani, mtu amekufa zaidi ya miaka elfu tatu, mapema iko wapi?

Lakini hayo ningeyavumilia. La nyumbani ndilo limenishinda.

Unakumbuka harusi ya ndugu yetu Badawi. Siku ya tatu nilitoka kazini moja kwa moja, vumbi la kaburi bado likiwa kwenye viatu, nikaingia chumbani kwa Sanaa, bibi harusi, na sinia la keki za basbusa. Mwezi mpya ulikuwa haujaandama, na kabla haujaandama bibi harusi hatembelewi na mtu aliyetoka kwa wafu. Wewe ulikwisha rudi Iskandaria, hukusikia ukelele wa Mama. Alisema nimeingia kwa mwari na maiti mgongoni, nimemfunga kizazi. Mimi nilicheka. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kichwa kikubwa, nikamwambia Mama hayo ni mambo ya enzi za bibi.

Nilicheka siku hiyo tu. Sasa ni mwaka wa sita Sanaa hajashika mimba, na kila mwezi Mama ananikumbusha. Nikipakua mchuzi wa mulukhiya, Mama ananiuliza kama nimenawa wafu mikononi. Wanawake wa mtaa wakiozesha au wakizaa, mimi siitwi, au naitwa baada ya wiki sita. Jirani yetu Umm Hamdi aliniona nakuja akamfunika binti yake kwa shuka la kitandani, kama ninavyowafunika kuku mwewe akipita. Na Sanaa, maskini, hajanilaumu hata siku moja. Amezungushwa mara saba saba, kama wafanyavyo wasiozaa, kwenye yule mdudu wa jiwe wa hekalu la Karnak mpaka akaona kizunguzungu. Ameruka makaburi, ameoga maji ya ziwa la hekalu. Kila dawa aliyoelekezwa ameifanya.

Mwezi uliopita Mama akamaliza maneno. Amempata binti mmoja kutoka mji wa Armant, ana miaka kumi na tisa, na Badawi amekubali kumwoa. Sherehe ya hina ilipangwa iwe Jumatatu hii. Sanaa akanijia jikoni, akanishika mkono, akasema, “Inshirah, nimebakiwa na dawa moja. Nifungulie kwa mfalme wako. Kilichonifunga kimetoka kwake, na kwake ndiko kitakakofunguka.” Nilimweleza kwamba pamefungwa, kwamba nitafukuzwa kazi, kwamba mambo haya hayana msingi. Akaniambia hayana msingi lakini yeye ndiye anayeletewa mke mwenza. Nikamwambia tutakwenda Ijumaa, mafundi wa mashine wakienda kuswali.

Alhamisi alasiri Badawi akanifuata kwenye tanuri, nikichoma mkate. Alikuwa amesikia, akataka nisimpeleke Sanaa. Nilidhani ananihurumia kwa ajili ya kazi. Nikamjibu kwamba kama ana huruma aende kwanza kwa daktari kabla ya kuleta mtoto wa watu ndani ya nyumba. Dada, akakaa chini pale pale kwenye majivu. Akasema alikwisha kwenda. Alikwenda mjini Asyuti mwaka wa pili wa ndoa, peke yake, akatuambia anafuata pampu ya maji. Daktari alimpima mara mbili akamwambia hana mbegu, hatakuwa nazo, na dawa hakuna.

Soma tena ukitaka. Mimi nilimwomba arudie.

Nikamuuliza huyu wa Armant ni wa nini basi. Akasema mke mpya atawanyamazisha watu miaka miwili mitatu, baadaye Mungu mkubwa. Nikamuuliza, na mimi? Miaka yote hii natukanwa mbele yako unakula? Akasema, “Wewe umesoma, nilijua hayakuumizi.” Yaliniuma, Bahija! Yaliniuma kila siku! Nilishika koleo la tanuri nimpige nalo, nikalirudisha. Akaniomba niape kwa kaburi la Baba kwamba sitasema. Sikuapa.

Jana nilimpeleka Sanaa. Mzee Shazli alitufungulia, akageuka kutazama mlima. Sanaa alivua viatu, akaanza kwenda na kurudi mbele ya kioo akihesabu kwa vidole hadi saba, akisoma dua. Alipofika mara ya nne sikuweza kumtazama. Nikamwambia asimame. Nikamwambia yote, Asyuti na mbegu na mwaka wenyewe.

Hakulia. Alimtazama yule mfalme, akaniuliza kama yeye alipata watoto. Nilimwambia walikuta humu majeneza mawili madogo, watoto wa kike waliotoka kabla ya wakati wao, na hakuna ajuaye kwa nini, na mkewe hatujui hata alipozikwa. Akauliza kama mkewe naye alisemwa. Nikamjibu ukweli, kwamba hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Akavaa viatu vyake. Akasema, “Mimi nitasema mwenyewe.”

Na akasema. Uani kwetu wanawake walikuwa wakikanda unga wa mikate ya hina, Umm Hamdi na wenzake wote. Sanaa akasimama katikati yao, akataja Asyuti, akataja daktari, akamwambia Badawi aliyekuwa mlangoni akanushe. Mikono yote ikasimama kwenye unga. Mama alimtazama mwanawe akimsubiri. Badawi alitazama chini.

Sasa nilitarajia nini? Nilitarajia Mama aseme nisamehe, mwanangu, hata kwa sauti ndogo. Mama akapangusa mikono, akanigeukia mimi. Akasema, “Kumbe siku ile ulimfunga Badawi!” Wallahi ndivyo alivyosema, na Umm Hamdi akaitikia kwa kichwa kwamba ni kweli, mwanamume naye hufungwa. Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi, na sijui kama yalikuwa ya kicheko.

Hina imevunjika, baba wa binti ameshapata habari. Sanaa anakuja kwako kwa treni ya Jumanne. Anataka talaka na anataka kukaa mbali kidogo. Mpe kile chumba cha upande wa bahari, usimhoji. Akitaka kusema atasema, sasa amejua namna.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto mmoja mmoja. Mzee Shazli anakusalimu. Mama hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo chukua salamu zake kwa kukisia. Ameshaniamuru nimpeleke Badawi kaburini Ijumaa ijayo akafunguliwe, naye mwenyewe atatusubiri juu ya ngazi. Nitampeleka. Nitamshusha zile ngazi, nitamkabidhi kwa mfalme, nitafunga mlango kwa nje, na sitaufungua mpaka nimsikie kutoka ndani akiniomba radhi kwa sauti ambayo Mama, juu pale kwenye jua, ataisikia.

Nduguyo akupendaye,
Inshirah