Siku Watafiti Waliposema Hawajui

Mjukuu wangu Baraka,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: sitasomea uuguzi. Nimechagua fizikia.

Najua unacheka nikikuita mjukuu na nimemaliza shule juzi tu, lakini kaka yangu mkubwa ndiye babu yako, kwa hiyo kubali. Huku Makongeni tu wazima. Mama ameshawatangazia wanakwaya kwamba ana muuguzi nyumbani.

Uliniuliza nitasomea nini, na kwa nini. Mwaka jana shule ilitupeleka chuo kikuu. Watafiti wa pale huchanganya chuma na madini mengine, kisha huwatumia wenzao Japani kipande chake, nao hukipoza mno mpaka umeme upite bila kupungua hata kidogo. Walituambia kwamba kwa kawaida usumaku huharibu hali hiyo. Nikamnong'oneza rafiki yangu Akinyi, "Mbona basi chuma, chenye usumaku, kinafaulu?"

Akapaza sauti, "Mwalimu, bubu wetu ana swali!"

Niliona haya, lakini niliuliza. Mtafiti mmoja mwanamke, aliyekuwa akizungumza nasi kwa video kutoka Japani, akacheka kwa furaha. "Hatujui bado. Nyinyi huko Nairobi mnajua?"

"Hata sisi hatujui," mtafiti wetu akajibu, naye akicheka.

Miaka yote nilinyamaza darasani kwa kuogopa kutojua. Kumbe wako watu wazima ambao kutojua ndiko kulikowafanya marafiki.

Mama nitamwambia mwenyewe Jumapili, tukitoka kanisani. Mpaka hapo, tafadhali, usimwambie mtu, hasa babu yako. Nampenda sana, lakini siri humshinda.

Nyanya yako,
Nekesa