Kambale Ndani ya Bwawa la Wamama

Jumatatu, 5 Juni 2023

Mkutano wa wamama leo asubuhi, hapa Kimemi. Tilapia wa bwawa lao wanapungua. Mama Kaswera, prezidanti wao, hakuzungusha maneno: Paulin, mlinzi wa bwawa, atafukuzwa Jumamosi. "Mulinzi njo mwizi. Mwingine nani?" Paulin alitazama buti zake tu.

Nilinyamaza. Na mimi ndiye ninayejua! Noeli iliyopita nilinunua kambale sokoni, bado hai. Binti yangu Séphora akalia asichinjwe. Nikamtia bwawani — kwa siku mbili tu, nilisema. Kambale anakula vitoto vya tilapia, hata wanafunzi wangu wanalijua hilo. Mwalimu mzima! Aibu imenifunga mdomo.

Nitamvua. Wakimwona, Paulin atapona, na pengine hakuna atakayeuliza alitoka wapi.

Jumanne, 6 Juni

Video kwenye simu: wavuvi wa visiwani. Mtu anarusha samaki wa kuchonga, wa mti, mbali baharini, anamvuta kwa kumshtuashtua, samaki mkubwa anamrukia. Halafu mzungu huyo anambusu samaki na kumrudisha majini! Kanyere, mke wangu, alicheka hadi akaketi. "Baba Séphora, uyu muzungu hajaona njaa."

Nimetoboa kijiko chake kiwe samaki wangu wa bandia, nikakifunga na ndoana kwenye uzi wa mwanzi. Bado hajui.

Jumatano, 7 Juni

Nimerusha mara arobaini. Nimevua nyasi, na kofia ya Paulin. Hakukasirika; nimemwambia ninapima tilapia waliobaki.

Alhamisi, 8 Juni

Paulin alishindwa kuvumilia. Lakini Mwalimu, akasema, maji ya hapa ni matope, samaki haone kijiko yako. Tia matumbo ya kuku, acha yashuke chini, utulie. Kumbe! Bahari yao ni safi, bwawa letu ni chai ya maziwa.

Aliniletea matumbo yeye mwenyewe, ndani ya jani la mgomba. Akaitazama ndoana. "Hii ya tilapia? Ni kubwa sana, Mwalimu." Nikakohoa. Mtu ninayemwangamiza ndiye anayenisaidia. Ninajichukia.

Ijumaa, 9 Juni

Mvua. Hakuna kitu.

Jumamosi, 10 Juni

Saa mbili asubuhi. Samaki alikamata chambo! Mwanzi ulipinda. Nikakumbuka wale wa visiwani: usimvute kwa nguvu, mwache akimbie, achoke. Nikamlegezea uzi. Akapanda juu, mgongo mweusi, mrefu kama mkono wangu.

"Kambale! Mwalimu, mwizi njo uyu! Mungu amenikumbuka!" Paulin alicheka, akalia, akaingia majini hadi kiunoni. Lakini nilikuwa nimelegeza mno. Kambale akazunguka kisiki kilichozama. Bahari ya video haina visiki! Uzi ukakatika.

Nilitaka kulia. Paulin hakutaka. Hapana hofu, alisema, tumemuona wawili. "Weye ni mwalimu. Ukisema, batakuamini."

Wamama wanashuka mteremko sasa, Mama Kaswera mbele. Nitasema kuna kambale. Atauliza ni nani aliyemweka. Na nikinyamaza hapo, ni nani anayekaa bwawani kila siku? Paulin. Watamfukuza kwa kosa langu, na mimi nitakuwa shahidi.

Amevaa kofia yake vizuri, amesimama karibu yangu, maji yanachuruzika kutoka kwenye suruali. Anawapungia mkono. Hajawahi kufurahi hivi kuwaona.

Wamefika kwenye migomba. Mama Kaswera ananiita kwa jina. Nafunga daftari, nasimama, na neno langu la kwanza litakuwa: kambale ni wangu.